Fanusi ya Boga na Mganda wa Mwisho

Mtu akitaka kuandika historia ya dola, hapungukiwi na vitu vya kumsaidia. Ziko ngome, makaburi, sarafu, hati za mikataba na barua za mabalozi; na kila kimoja katika hivi kilifanywa ili kidumu. Lakini akitaka kuandika historia ya mkono wa mtu wa kawaida, mkono uliosuka, uliochonga na uliopamba nyumba siku ya furaha, hukuta kwamba vitu vyenyewe vimekwisha kuoza, kuliwa na wadudu, au kutiwa motoni. Kazi ya mfalme ilijengwa kwa mawe, na kazi ya mkulima ilifanywa kwa majani na mabua. Kwa sababu hiyo ya kwanza twaisoma, ya pili twaisahau. Kisha, baada ya kuisahau, twadhani kuwa haikuwako.

Katika insha hii nataka kuchungua historia ya kazi moja ya namna hiyo, nayo ni mapambo ya mavuno ambayo watu wa Ulaya na Amerika ya Kaskazini huyafanya kwa mikono yao kwa maboga, mabua ya ngano, mahindi na majani makavu. Huenda msomaji akauliza tuna haja gani na boga la watu wengine. Jawabu langu ni mbili. Kwanza, boga hilo na jamaa yake kibuyu zilisafiri njia ndefu iliyogusa bara letu. Pili, habari za mapambo hayo zimechanganyika mno na hadithi zisizo na ushahidi, na mwanafunzi wa historia hujifunza mengi kwa kutenga kweli na hadithi katika jambo dogo kabla hajathubutu kufanya hivyo katika jambo kubwa.

Yafaa nianze na majira, kwa kuwa neno lenyewe laweza kutupoteza. Kamusi zetu nyingi hulitaja neno vuli kuwa ndilo jina la majira yanayofuata kiangazi cha Ulaya. Lakini vuli yetu ni mvua ndogo, ambayo aghalabu hunya baina ya Oktoba na Desemba. Mkulima huitazamia ili apande. Katika miezi hiyo hiyo mkulima wa kaskazini amekwisha kuvuna, na anaitazamia baridi itakayofunga ardhi yake. Kwetu neno hilo lina maana ya kuanza, na kwao lina maana ya kumaliza. Mchana wao hufupika siku kwa siku, na rangi ya kijani iliyomo katika majani huvunjika, hata ile ya manjano iliyokuwa imefichwa chini yake huonekana. Miti mingine hutengeneza rangi nyekundu wakati huo huo. Kisha majani hupukutika. Mtu asiyeyajua haya hawezi kufahamu kwa nini watu wale hupamba milango yao kwa vitu vinavyokufa. Wao hawapambi kwa kukosa maua. Hupamba kwa kile ambacho shamba limewaachia wakati ghala imejaa na giza linakaribia.

Sasa na tulitazame boga lenyewe. Mbegu za kale zilizochimbuliwa katika pango la Guilá Naquitz, katika jimbo la Oaxaca huko Meksiko, zimeonyesha kwamba watu wa nchi ile walikuwa wakipanda jamii ya maboga yapata miaka 10,000 iliyopita, maelfu ya miaka kabla ya mahindi kuwa zao kuu lao. Kutoka huko zao hili lilienea kaskazini, hata mataifa kama Wahaudenosaunee walipanda mahindi, maharagwe na maboga katika shamba moja. Muhindi ulikuwa nguzo ya kupandia maharagwe. Maharagwe yaliongeza rutuba ya udongo. Na majani mapana ya boga yalizuia magugu na kuhifadhi unyevu. Mataifa hayo huviita vyakula hivyo vitatu ndugu wa kike. Maboga waliyala mabichi na makavu. Waliyakata vipande, wakavianika, wakaviweka akiba ya majira ya baridi.

Watu hao hao walikuwa na mapambo na sanaa yao ya mavuno. Maganda ya mahindi, ambayo wengi wetu huyatupa, wao waliyasuka wakafanya mikeka, viatu na vikaragosi vya watoto. Kikaragosi cha Wahaudenosaunee hakichorwi uso. Wazee wao husimulia kwamba cha kwanza kilikuwa na uso mzuri mno, kikajiona, kikaacha kazi ya kuwatunza watoto, kikakaa kujitazama katika maji. Basi kikanyang'anywa uso. Naitaja habari hii kwa sababu wengi waandikao juu ya mapambo ya mavuno huko Marekani huanza na wahamiaji wa Ulaya, kana kwamba kabla yao nchi ile ilikuwa na mashamba bila mikono. Mahindi ya rangi nyingi yanayotundikwa milangoni, maganda yaliyosukwa, na boga lenyewe, vyote vilikuwa urithi wa wenyeji.

Kandokando ya boga hilo, juu ya meza za mavuno za Marekani, aghalabu huwekwa vibuyu vikavu vya shingo ndefu. Hapa ndipo bara letu linapoingia katika habari. Kibuyu si mwenyeji wa Amerika; asili yake ni Afrika. Walakini kilikuwa kimekwisha kupandwa Amerika yapata miaka 10,000 iliyopita, zamani sana kabla ya merikebu ya kwanza kuvuka Atlantiki. Wataalamu walisumbuliwa na fumbo hili kwa muda mrefu. Uchunguzi wa nasaba ya mimea hiyo uliotangazwa mwaka 2014 ulionyesha kwamba vibuyu vya kale vya Amerika ni jamaa wa karibu wa vibuyu vya Afrika, na kwamba yaelekea vilielea juu ya bahari, vikachukuliwa na mkondo wa maji hata pwani ya pili, na mbegu zake zikiwa hai ndani. Wenyeji wa kusini mwa Marekani walivitundika juu ya miti viwe nyumba za mbayuwayu, na Waafrika waliopelekwa huko utumwani walivifanya ala za muziki za nyuzi ambazo ndizo mama wa banjo. Basi kibuyu kilivuka peke yake kwanza, na baadaye watu wa bara lake wakavushwa kwa nguvu, wakakikuta kinawangojea.

Boga nalo, baada ya safari za Wahispania na Wareno, lilipelekwa kila upande, likaingia katika mashamba yetu pamoja na mahindi, likawa ni mboga ya nyumbani hata tukalitungia methali. Ajuaye kwamba methali ya boga na ua lake haiwezi kuwa ya kale kuliko boga lenyewe katika ardhi yetu, huyo ameanza kufikiri kama mwanahistoria. Kitu cha kigeni hakikawii kuwa cha kienyeji pindi mikono ya wenyeji ikikizoea.

Tuliache boga kidogo tuvuke kwenda Ulaya, kwani huko mapambo ya mavuno hayakuanza kwa boga bali kwa ngano. Katika sehemu nyingi za Uingereza wavunaji walipofika mwisho wa shamba walikusanya mabua ya mwisho yaliyosimama, wakayasuka kuwa pambo, wakalipeleka nyumbani kwa shangwe, nalo likatundikwa ukutani hata mavuno mengine. Kila jimbo lilikuwa na umbo lake na jina lake. Cornwall na Devon waliliita shingo. Sehemu nyingine waliliita farasi jike. Uskoti waliliita mwanamwali. Ustadi wake si mdogo. Bua la ngano liko wazi ndani kama mrija, nalo likikauka huvunjika. Kwa hiyo msukaji huliloweka majini kwanza lilainike. Kisha hupanga mabua matano au zaidi kuzunguka kiini, akalikunja moja juu ya jingine, akizunguka daima upande mmoja, hata msuko ukapanda kama ngazi ya mnara. Akizidisha nguvu, bua hupasuka. Akilegeza, pambo hupoteza umbo. Hapana kitabu kiwezacho kufundisha kadiri ya nguvu hiyo. Hufundishwa na kidole.

Juu ya desturi hii kulizuka nadharia kubwa. Mwaka 1890 mwanachuoni James Frazer alitoa kitabu chake kiitwacho The Golden Bough, ambamo alifuata mawazo ya Mjerumani Wilhelm Mannhardt, akaeleza kwamba mganda wa mwisho ni mabaki ya dini ya kale ya kuabudu roho ya nafaka. Watu wengi waliipenda nadharia hii kwa kuwa iliwafanya wakulima wa kawaida waonekane kuwa wenye siri kuu. Wanachuoni waliokuja baadaye waliitilia shaka sana, maana Frazer aliokota desturi za nchi mbalimbali na za zama mbalimbali akaziunganisha kwa uzi wa dhana yake. Mvunaji wa karne ya 19 aliyeulizwa kwa nini anasuka mganda wa mwisho, angaliweza kujibu kwamba amechoka, amemaliza, na anafurahi. Jawabu hilo lina uzito wake, nasi hatuna haki ya kulibadilisha kuwa ibada kwa ajili tu ya kuupendezesha ukurasa.

Kanisa nalo lilikuwa na sehemu katika mambo haya. Mwaka 1843 kasisi Robert Stephen Hawker wa Morwenstow, Cornwall, aliwaita waumini wake katika ibada maalumu ya kushukuru mavuno. Jambo hilo likaenea katika makanisa ya Uingereza, hata ikawa desturi kupamba madirisha na mimbari kwa miganda ya ngano, matofaa, mboga na maua ya bustani. Wengi hudhani kuwa desturi hii ni ya tangu zama za kale; lakini katika sura yake ya sasa ni ya zama za garimoshi.

Sasa twaja kwenye fanusi, ambayo ndiyo mashuhuri kuliko mapambo yote ya majira hayo. Katika Ayalandi ya kale mwaka uligawanywa baina ya kiangazi na baridi, na mwanzo wa baridi ulikuwa ni Samhain, siku ya kwanza ya Novemba. Wakati huo ng'ombe walikuwa wamekwisha kuteremshwa kutoka malisho ya milimani, na masimulizi ya Kiairishi yaliyoandikwa katika zama za kati yanataja karamu, mikutano na mambo ya ajabu ya usiku ule. Kanisa la Roma nalo lilikuwa na Siku ya Watakatifu Wote. Papa Gregori III, aliyetawala kuanzia 731 hata 741, aliweka wakfu mahali pa kuwakumbuka watakatifu wote katika Kanisa la Mtakatifu Petro. Na mwaka 835, katika wakati wa Papa Gregori IV, sikukuu hiyo iliwekwa tarehe 1 Novemba katika milki ya Wafaranki. Mkesha wake ndio uliopata jina la Halloween. Karibu na mwaka 1000 ikafuatishwa Siku ya Marehemu Wote, tarehe 2 Novemba.

Katika mkesha huo watoto na vijana wa Ayalandi, Uskoti na Kisiwa cha Man walikuwa wakichonga fanusi za tanipu, yaani mzizi wa mviringo unaolimwa kwa chakula cha watu na mifugo. Kusini mwa Uingereza, katika kijiji cha Hinton St George, walitumia kiazi kikubwa cha kulishia ng'ombe. Kazi yenyewe ilikuwa ngumu. Tanipu haina uwazi ndani kama boga; nyama yake ni ngumu kama mti mbichi. Mchongaji alikata kifuniko, akachimba kwa kijiko au kisu kidogo kwa muda mrefu hata vidole vikauma, akaacha ukuta mwembamba unaoweza kupitisha nuru, kisha akatoboa macho na meno. Ndani alitia kipande cha mshumaa, na juu akafunga uzi wa kuchukulia. Uso uliopatikana haukuwa wa kuchekesha. Ulikuwa mdogo, umekunjamana, na ulipokauka ulinywea kama uso wa maiti.

Wako wasemao kwamba makuhani wa Wakelti walichonga tanipu hizo miaka 2,000 iliyopita. Maneno haya hayana ushahidi. Maandishi ya kale ya Kiairishi yaitajayo Samhain hayataji fanusi za tanipu, na shuhuda tulizo nazo za desturi hiyo ni za karne ya 19 zaidi. Hata hadithi ya Jack, mlevi bahili aliyemlaghai Shetani mara mbili, akakataliwa peponi na motoni, akawa anatangatanga gizani na kaa la moto ndani ya tanipu, ilianza kupigwa chapa katika karne hiyo hiyo. Jina la Jack wa fanusi lenyewe ni la kabla yake: katika karne ya 17 Waingereza walilitumia kwa mlinzi wa usiku achukuaye taa, na kwa ule mwanga hafifu uonekanao juu ya vinamasi. Kwa hiyo jina, hadithi na tanipu vilikutana njiani. Havikuzaliwa nyumba moja.

Baina ya 1845 na 1852 Ayalandi ilipatwa na njaa kuu baada ya ugonjwa kuua viazi. Watu wapatao milioni moja walikufa, na zaidi ya milioni moja wakahama, wengi wao wakaenda Marekani na Kanada. Hadithi isimuliwayo kila mwaka ni kwamba wahamiaji hawa walifika wakakosa tanipu, wakaona boga, wakalichonga, na hivyo fanusi ya boga ikazaliwa. Ni hadithi nzuri. Lakini haikubaliani na tarehe.

Mwaka 1850 mshairi John Greenleaf Whittier alitoa shairi lake la kulisifu boga, ambamo anakumbuka jinsi wavulana walivyochonga nyuso za kutisha katika ganda lake na kutia mshumaa ndani. Whittier alizaliwa mwaka 1807 huko Haverhill, Massachusetts, katika jamaa ya Wakwekeri wakulima. Kwa hiyo utoto wake ulikwisha kabla ya njaa ya Ayalandi kuanza. Tena shairi lake ni la siku ya kushukuru mavuno, wala si la Halloween. Mwaka 1852 Nathaniel Hawthorne naye aliandika hadithi ya sanamu ya kutishia ndege yenye kichwa cha boga lililotobolewa macho na mdomo. Hadithi mashuhuri ya Washington Irving ya mwaka 1820, ya mpanda farasi asiye na kichwa, inataja boga lililopasuka njiani asubuhi. Lakini boga hilo halikuchongwa wala halikuwa na taa. Moto na nyuso zimetiwa na wachoraji waliofuata. Haya yote yaonyesha kwamba wavulana wa mashamba ya kaskazini mashariki mwa Marekani walikuwa wakichonga maboga tangu mwanzo wa karne ya 19, kwa mchezo wa msimu wa mavuno, kabla ya wahamiaji wa njaa.

Basi Waairishi hawakuleta kitu? Walileta, nao pamoja na Waskoti waliifanya Halloween kuwa sikukuu ya bara lile. Gazeti la mji wa Kingston, Ontario, la Novemba 1866 lilikwisha kutaja vijana wa mji walioadhimisha mkesha huo kwa maboga yaliyochongwa na kuwashwa. Usiku ulitoka upande mmoja wa bahari, na boga likatoka upande wa pili. Desturi tuijuayo ni mtoto wa vyote viwili. Mwanafunzi ataona kwamba kweli hii haina utamu wa hadithi ya mtu mmoja na boga moja. Lakini ina heshima zaidi, maana inampa kila mmoja haki yake: mwenyeji aliyelipanda boga, mvulana wa shamba aliyelichonga, na mhamiaji aliyelipa siku yake.

Boga liliishinda tanipu kwa sababu ya umbile lake. Lina uwazi ndani, na mbegu zake hutoka kwa kijiko. Ganda lake ni pana, hata asiye fundi huweza kulitia uso. Ajuaye kazi hukata kifuniko kwa kulaza kisu, si kwa kukisimamisha, ili kifuniko kisitumbukie ndani. Hukwangua ukuta hata ukabakia unene wa upana wa kidole gumba. Na hutoboa tundu juu ili moshi upate njia, kwani mwali ukikosa hewa hufa. Lakini boga lililokatwa haliishi. Siku chache tu hupita, ukungu huingia, nyama hulegea, na uso huporomoka. Boga lisilokatwa, likianikwa juani baada ya kuvunwa na kikonyo chake kikiwa kizima, huweza kukaa miezi. Ndiyo maana watu hutenga maboga mazima kwa kupamba ngazi za nyumba muda wote wa msimu, na yale ya kuchonga huyangoja mpaka siku zenyewe.

Biashara ilipoiona desturi hii haikuchelewa. Katika miaka ya 1960 mkulima wa Massachusetts aitwaye John Howden alichagua mbegu za boga la shambani la kale, akapata aina yenye ganda lenye mifuo mizuri, umbo la kusimama sawasawa na kikonyo kigumu cha kushika. Mboga iliyolimwa miaka elfu kumi kwa kuliwa ikawa na tawi lake lililolimwa kwa kutazamwa. Simlaumu mkulima huyo. Alifanya yale ambayo kila mlimaji hufanya, kuchagua mbegu kwa haja ya wakati wake. Lakini baadaye viwanda vilitoa boga la plastiki ambalo halina haja ya mbegu, wala ya kisu, wala ya mtoto kukaa na mzee wake jioni moja. Boga hilo halinywei wala halinuki. Litabakia karne nyingi, na wachimbaji wa siku zijazo watalikuta zima. Lakini halitawaambia neno lolote juu ya mikono ya watu.

Mabua ya ngano yalipatwa na msiba wa namna nyingine. Katikati ya karne ya 20 ilienea mashine inayovuna na kupura kwa pamoja, ambayo huvunjavunja bua. Na wataalamu wakazalisha ngano fupi isiyoanguka kwa upepo. Mganda wa mwisho ukakosa mganda. Katika maonyesho makubwa ya Uingereza ya mwaka 1951, fundi wa mabua aitwaye Fred Mizen, mtu wa Essex, alitengeneza simba na mnyama wa pembe moja kwa mabua matupu, wakubwa, wakastaajabiwa na watu wengi. Na katika miaka iliyofuata walipatikana watu waliotaka kujifunza tena ufundi huo kabla haujazikwa pamoja na wazee. Wanyama wale wenyewe waliwekwa ghalani, wakaliwa na panya.

Lakini katika habari zote nilizozikusanya, hapana inayonigusa kuliko hii ya mwisho. Mwaka 1943 mwalimu mmoja wa shule kutoka Fintown, katika jimbo la Donegal, aliipelekea makumbusho ya taifa ya Ayalandi tanipu iliyochongwa. Alieleza kwamba amewaletea kwa sababu watu wa kwao walikuwa wameikumbuka tu desturi hiyo, na hapana aliyekuwa akizifanya fanusi za namna ile tena. Tanipu ilianza kuharibika, na makumbusho yakaifanyia mfano wa plasta. Mfano huo sasa umo katika jumba la makumbusho ya maisha ya mashambani, Turlough Park, karibu na Castlebar, lililofunguliwa mwaka 2001. Watu wautazamapo hushtuka, maana uso ule ni wa kutisha kuliko boga lolote. Nchi ambayo wengi huitaja kuwa ndiyo mama wa fanusi hizo, leo huwasha maboga kama wafanyavyo Wamarekani, na fanusi yake ya zamani huitazama katika kioo cha jumba.

Mwalimu yule hakutenda jambo hilo peke yake bila mazingira. Baina ya 1937 na 1939 tume ya masimulizi ya kienyeji ya Ayalandi, iliyokuwa imeundwa mwaka 1935, ilizitaka shule za msingi zisaidie kukusanya mila. Wanafunzi zaidi ya 50,000, katika shule zipatazo 5,000, walirudi nyumbani na madaftari yao, wakawauliza babu na bibi zao juu ya dawa, michezo, sikukuu, nyimbo na kazi za mikono, wakayaandika majibu. Hawakuwa wanachuoni. Walikuwa watoto wa darasa la mwisho, wenye kalamu na masikio. Leo mtu hawezi kuandika historia ya vijiji vya nchi ile bila kufungua madaftari hayo.

Hapa ndipo ninapotaka kusema na wanafunzi wenzangu wa Afrika Mashariki. Sisi tuna matao ya makuti yanayosukwa kwa harusi na kwa kuwapokea wageni, na asubuhi yake hutupwa. Tuna vikuba na makoja ya asmini yanayonyauka kabla ya jua la pili. Tuna vibuyu vya Wakamba vilivyochorwa kwa ncha ya chuma, na vibuyu vya maziwa vya Wakalenjin vinavyosafishwa kwa mkaa wa miti maalumu. Tuna mikeka ya ukindu, ambayo kila msuko wake una jina linalojulikana na bibi aliyeketi juu yake. Vitu hivi huchakaa, navyo havina hatia. Umbile lao ni kuchakaa. Hatia ni yetu tukiruhusu majina yao yachakae pia.

Tena yatupasa tujihadhari na kosa la pili, ambalo ni la wapendao mila kuliko waipendavyo kweli. Pindi desturi inapokufa, watu huivika ukale usio wake. Huja mtu akasema kwamba tao la makuti ni la tangu wafalme wa Kilwa, au kwamba kila mchoro wa kibuyu ni ishara ya siri kuu. Labda, lakini aonyeshe. Mzee akisema alijifunza kwa shangazi yake kwa sababu lilipendeza, iandikwe hivyo hivyo, kwa jina la kijiji na mwaka. Jambo la miaka sitini lililoandikwa kwa uaminifu lina thamani kuliko jambo la miaka elfu lililobuniwa.

Kwa hiyo mwanafunzi atakaporudi kwao likizo hii, na akachukue daftari. Aulize pambo huitwaje, hufanywa kwa mti gani, hukatwa mwezi gani, hulowekwa muda gani, nani alimfundisha mfanyaji, na nani anafundishwa naye sasa. Swali la mwisho ndilo lenye uchungu, na mara nyingi jawabu lake litakuwa kimya. Wazee wetu walisema ukipenda boga, penda na ua lake. Nasi tupendao historia ya boga, na tulipende pia lile ua linalonyauka mapema: jina, kipimo na maneno ya mkono ulioifanya kazi, tuyaandike wakati mkono wenyewe ungali hai kutusahihisha.